Nywila Ndefu Haitoshi

Mwandishi aliyedai kwamba mtandao usiotumia waya huwa salama maadamu nywila yake ni ndefu na hubadilishwa kila mara, hakukosa nia njema, bali amekosa hoja. Kwani Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alipodhihirisha mwaka 2017 kasoro iliyositirika ndani ya WPA2, itifaki ya kulinda mitandao hiyo, hakuiba nywila ya mtu wala hakuihitaji.

Simu na ruta huafikiana juu ya ufunguo wa kuficha mawasiliano kwa jumbe 4. Hasidi aliye karibu akiuzuia ule wa mwisho, wa 3 hurudiwa, na simu isiyosasishwa, kwa utiifu wake, huuweka tena ufunguo uleule na kuanza upya hesabu ya pakiti, hata yaliyofichwa yakaweza kufumbuliwa. Tena programu ya wpa_supplicant, toleo la 2.4, iliyotumiwa katika Linux na Android 6.0, ilifanya la ajabu zaidi: iliweka ufunguo wa sifuri tupu, kwa kuwa ule wa kweli ilikwisha kuufuta katika kumbukumbu.

Basi nywila ya herufi 60 ingefaa nini hapo? Dawa ilikuwa kusahihisha programu yenyewe; na amhimizaye msomaji abadili nywila, ilhali simu yake haijasasishwa, amemfariji, hakumlinda.