Elimu Imfuate Mwalimu

Kwa miaka mingi, mwalimu wa Kasikeu aliyetamani shahada ya Kiswahili alilazimika kuchagua: aache darasa lake au aache chuo. Elimu ya masafa humwondolea kitendawili hicho. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Kenya ikapata chake mwaka 2023, makao yakiwa Konza, njiani kutoka Kasikeu kuelekea Nairobi. Hata hivyo, ukaribu wa majengo si hoja. Mhadhara wa intaneti unaopeperushwa saa nne asubuhi, mwalimu akiwa mbele ya wanafunzi wake, ni ukuta ule ule. Wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuandaa masomo yanayopakuliwa mara moja, yakasomwa usiku hata mtandao ukikatika. Hapo ndipo elimu itakuwa huria kwa jina na kwa tendo.