Uongozi wa Shule Hausomwi kwa Madesa Peke Yake

Wenzangu wa Elimu, tuseme ukweli. Kozi yetu ya Uongozi na Usimamizi wa Elimu wengi tunaipita kwa madesa. Unakariri nadharia usiku mmoja, unazimwaga kwenye mtihani, ukitoka mlangoni umeshasahau. Mimi nilipata B+ na nikajiona niko vizuri, mpaka nilipokwenda TP kwenye shule moja ya kata katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti.

Kufika kule unapanda boti Nyamisati, na safari inafuata maji kujaa na kupwa. Mkuu wa shule ni kijana, mwalimu wa Historia, aliyekabidhiwa ofisi akiwa na mwaka wa tatu tu kazini. Nilimkuta na mizigo mitatu. Kwanza ruzuku, ambayo tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na kila shilingi ina maelezo yake. Pili ujenzi wa darasa, maana siku hizi shule yenyewe ndiyo inanunua saruji na kusimamia mafundi. Tatu, wanafunzi waliokuwa hawajarudi kutoka mashambani, ambako familia huhamia msimu wa mpunga na kulala kwenye madungu ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe.

Akaniuliza, "Mwalimu, huko chuoni siku hizi mnafundishwa haya?"

"Hapana, Mkuu."

Akacheka. "Basi hamjatupita."

Mtu atasema ADEM ipo Bagamoyo kwa kazi hiyo hiyo ya kuwaandaa viongozi wa elimu. Sawa. Lakini yeye alikuwa hajapata nafasi ya kwenda, na kazi haikumsubiri. Hata mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba Rufiji na Kibiti hayakumsubiri.

Kwa hiyo kozi hii isifutwe, ibadilishwe. Nusu ya alama zake zitoke ofisini kwa mkuu wa shule. Katika wiki nane za TP, mbili tukae naye: tuandae bajeti ya ruzuku, tuandike muhtasari wa kikao cha bodi, tupange ratiba inayojua msimu wa mpunga na maji ya bamvua. Mhadhiri akija kutukagua, akague na hayo, siyo andalio la somo tu.

Najua mtanijibu: wiki za kufundisha zitapungua, na nani atakubali delta wakati bumu halitoshi hata nauli? Hilo la nauli ni kweli, chuo kiwaongezee posho wanaopangiwa mbali. Hilo la kwanza silikubali. Ukifundisha vizuri namna gani, mtoto aliyeko dunguni hakusikii. Anayetakiwa kujua namna ya kumrudisha ni kiongozi.

Mapitio ya mtaala yakija, serikali yetu ya wanafunzi ibebe hoja hii mezani. Baadhi yetu tutakabidhiwa ofisi kabla hatujaizoea hata chaki.