SEHEMU YA 3: "Nesi, niangalizie huo mstari"

Tuendelee tulipoishia jana, mama zangu wa Buganguzi. Leo mtanichukia kidogo. Kunitumia picha ya kipimo cha malaria WhatsApp saa nne usiku SIO kumpima mtoto.

Juzi nimepokea nyingine. Kile kiplastiki cheupe cha mRDT kipo juu ya khanga, giza tupu. "Nesi huo ni mstari au?" Nikauliza kimekaa muda gani. "Tangu mchana." Jamani! Mle ndani ni ukanda wa karatasi tu. Damu inatembea na ile dawa ya matone, ikiwa na alama za vimelea inachora mstari kwenye T. Kina dakika zake, vingi 15 au 20 kutegemea kampuni. Ukikisoma baada ya masaa, unaweza kuona kivuli ambacho si malaria. Na mstari wa C usipotokea, kipimo hicho ni cha kutupa, hata T iwake kama taa. Simu ya kamera tatu hairudishi saa nyuma.

Najua wataalamu wa kwenye comments (sisi Wahaya kwa unshomile tunajijua) wataniambia huko Marekani simu zinasoma vipimo vya karatasi. Ni kweli. George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba karatasi inaweza kupima sukari na protini, baadaye wakapiga picha kwa simu na kumtumia mtaalamu aliye mbali. Siipingi, naitamani hata kesho. Ninachokataa ni kusifiwa simu wakati kuna wiki vipimo vyenyewe vimeisha na mama anaambiwa "chukua tu mseto". Simu isome nini sasa?

Na huo mseto mnaupiga kama karanga. Mwaka 2022 watafiti wakiwa Karagwe, hapo hapo mkoani kwetu, walikuta vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hizi. Halafu wewe unampa mtoto ambaye kipimo kimekataa!

Kuna mama alimleta mtoto wa miezi minane. Kipimo kilikuwa hasi, bibi akasema kinadanganya, akapewa mseto siku tatu. Alipofika kwetu mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nimonia. Tulimweka kwenye oksijeni, akapona, lakini zile siku tatu nikizikumbuka nasisimka. Hasi maana yake tafuta homa imetoka wapi. Haina maana kwamba mtoto haumwi.

Hata chanya ina mambo yake. Mtoto aliyemaliza dozi anaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa, kwa sababu mabaki ya vimelea bado yako kwenye damu. Kwa hiyo usirudie dozi kwa sababu ya mstari, mrudishe kituoni aangaliwe.

Picha mtaendelea kutuma, nawajua. Sawa. Ila kabla sijaifungua nitauliza: ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ukimwita anaamka? Jibu moja likiwa baya, mstari siuangalii kabisa. Nitakuambia panda bodaboda sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha.

Sehemu ya 4 kesho jioni nikitoka zamu: mtoto mweupe viganjani.