TV Mpya? Pima Ngazi Kwanza, Halafu Pima Mfuko

Kila Idd ikikaribia, na kila mashindano makubwa ya mpira yakinukia, Digo Road huwa na picha moja. Hamali anasukuma mkokoteni, juu yake boksi refu la TV limefungwa kamba, na mwenye mali anafuata nyuma huku akijibu simu za watoto: "Tushafika Marikiti, tuko njiani." Sisi ambao kazi yetu ni malipo ya simu twaupenda msimu huo, tusidanganyane. Ukilipia TV kwa simu, nasi twapata chetu.

Kwa hivyo tutakalosema leo huenda likakushangaza. Maoni yetu ni kwamba TV si kitu cha kukopea. Nunua ile inayoingia nyumbani kwako, inayofaa ukuta wako na stima yako, na iwe imelipwa yote siku inapoingia. Hata kama ya jirani ni kubwa kuliko yako.

Yaliyotokea Kibokoni

Mwenzetu mmoja hapa ofisini kwao ni Kibokoni, Mji wa Kale. Mamake alikuwa na TV ya kisogo, inchi 21, aliyokaa nayo miaka na miaka. Siku moja picha ikajikunja ikabaki mstari mmoja mweupe katikati. Watoto wakasema basi, mama apate TV ya kisasa. Wakachanga, lakini mchango ukafika nusu tu, na tamaa ilikuwa ya inchi 65. Nusu iliyobaki wakaichukua kwa lipa pole pole.

Wanaozijua nyumba za kule wameshaona tatizo liko wapi. Mkokoteni uliishia mdomo wa kichochoro. Boksi likabebwa mpaka mlangoni, likafika kwenye ngazi, na ngazi zenyewe ni za mbao, nyembamba, zina kona. Boksi halikugeuka. Wakaitoa TV kwenye boksi ili waipandishe hivyo hivyo. Ilipofika kwenye kona, pembe ya skrini ikagusa ukuta. Ilipowashwa, nusu ya kioo ilikuwa nyeusi.

Waranti haikusaidia, kwani kioo kilichovunjika mkononi mwa mteja kwa kawaida hakiingii kwenye waranti. Lakini deni lilikuwa hai. Kwa miezi kumi mwenzetu alilipia kila siku TV ambayo haionyeshi kitu, na mama alikuwa akienda kutazama habari kwa jirani. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Duka lilitoa mali nzima na hamali alibeba kwa uangalifu. Kilichokosekana ni mtu wa kupima ngazi.

Inchi na sebule yako

Inchi za TV hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hivyo TV ya inchi 43 ina mshazari wa sentimita 109 hivi, na upana wake ni karibu sentimita 95. Ya inchi 55 ina upana wa karibu sentimita 122, na hapo hujahesabu boksi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mlango, pima kona ya ngazi, kisha ndiyo uende dukani.

Pima pia umbali kutoka unapokaa hadi TV itakapowekwa. Kanuni rahisi ni kuzidisha mshazari mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu. Kwa inchi 43 hiyo ni kama mita 1.6 hadi 2.7. Sebule nyingi za kisiwani, kuanzia Kuze hadi Majengo, hazina zaidi ya hapo. Ukiweka inchi 65 katika chumba cha mita mbili, utakuwa unageuza shingo kufuata mpira kama uko uwanjani.

Halafu ukuta. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ni mnene, lakini ukiutoboa unamumunyuka kama unga, na skrubu zinaweza kulegea polepole bila wewe kujua. Kama huna fundi anayezijua kuta hizo, weka TV juu ya kabati au meza imara. Na kama unataka kufunga dishi upande wa mbele wa nyumba, kumbuka Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi na lina ofisi yake chini ya Makavazi ya Kitaifa. Uliza kwanza.

Mwisho, bahari. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula vyuma vidogo vilivyo ndani ya TV. Usiiweke mkabala na dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Kitambaa cha kufunika si kibaya, ila kiondoe kabla ya kuwasha, maana matundu ya nyuma ndiyo pua ya TV.

Maneno ya kwenye boksi

Muuzaji atakwambia, "Mamangu, hii ndiyo inayotoka sana." Huenda ni kweli, lakini inayotoka sana si lazima iwe inayokufaa. Tafuta mambo haya.

La kwanza ni DVB-T2. Hiyo ndiyo mitambo ya matangazo ya dijitali inayotumika Kenya. TV yenye DVB-T2 ndani yake inapokea chaneli za bure kwa antena tu, bila king'amuzi. Wengi wetu twakumbuka Februari 2015, pale chaneli kubwa zilipotoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili katika mvutano wa kuhamia dijitali, kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa ya Juni 17 mwaka huo. Watu walikimbilia kununua TV mpya wakidhani zao zimekufa, na kumbe TV ya zamani iliyounganishwa na king'amuzi iliendelea kuonyesha. Funzo hilo bado lina kazi leo: kama TV yako ya kisogo inawaka, unao muda wa kujipanga.

La pili ni ubora wa picha. HD ya kawaida, Full HD na 4K si kitu kimoja. Boksi likisema "inakubali 4K" huenda lina maana TV inaweza kupokea picha hiyo, wala si kwamba kioo chenyewe ni cha 4K. Tafuta namba: 1920 kwa 1080 ni Full HD, na 3840 kwa 2160 ndiyo 4K. Kwa inchi 32 usilipie 4K, jicho halitaiona tofauti.

La tatu ni smati. TV smati bila intaneti ni TV ya kawaida yenye bei ya juu. Video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kama bando lako ni la kununua kila siku, piga hesabu hiyo kabla ya kuiongeza bei.

La nne ni stima. Nyuma ya TV pameandikwa wati. TV ya wati 50 ikiwaka saa tano kwa siku hutumia uniti 7.5 kwa mwezi wa siku thelathini. Ya wati 120 hutumia uniti 18. Hiyo ni tokeni utakayonunua kila mwezi maisha yote ya TV. Na kwa vile stima hupotea na kurudi kwa kishindo, weka bajeti ya TV guard. Hiyo hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, na husubiri kidogo stima ikirudi.

Shilingi 80 kwa siku

Sasa tuje kwenye pesa, ambako ndiko tunakoshinda. Tuchukue mfano. TV ni shilingi 20,000 pesa taslimu. Kwa lipa pole pole unatoa 4,000, halafu shilingi 80 kila siku kwa mwaka mmoja. Themanini ni nauli ya matatu na andazi, nani atakosa? Lakini 80 mara siku 365 ni 29,200. Ukiongeza zile 4,000, umelipa 33,200. Umetoa 13,200 zaidi kwa TV ile ile.

Geuza hesabu. Ile 4,000 unayo tayari. Iweke kwenye akiba ya simu, uongeze shilingi 80 kila siku. Baada ya siku 200 una 20,000. Ni miezi sita na nusu hivi. Yule aliyekopa bado ana siku 165 za kulipa, na wewe huna deni la mtu.

Najua utasema, "Mpira hautanisubiri." Kweli, na AFCON ya 2027 tumepewa kuiandaa sisi pamoja na Uganda na Tanzania, hamu ipo. Lakini mechi huisha kwa dakika tisini, deni haliishi hivyo. Mkopo una mahali pake. Friji ya kuuzia maji baridi na juisi yaweza kujilipa yenyewe. TV ya sebuleni hailipi, inaburudisha.

Siku ya kulipa

Usitoe pesa hadi TV imewashwa mbele yako. Omba ionyeshe rangi moja nyeupe, kisha nyeusi, utafute vidoa. Jaribu kila tundu la HDMI, jaribu sauti, maana TV bapa nyingi zina spika dhaifu. Tafuta alama ya KEBS. Hakikisha namba ya nyuma ya TV ni ile ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti.

Lipa kwa namba ya till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba yangu, till ina shida," subiri. Pesa ulizotuma kwa kukosea namba tunaweza kukusaidia kuzifuatilia. Ulizotuma kwa hiari yako kwa mtu binafsi, bila risiti, ni vigumu zaidi kwetu na kwako. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na maelezo ya kutosha kuihusu, ila haki hiyo inataka ushahidi. Ujumbe wa malipo na risiti ndio ushahidi wako, usiufute.

Na ile ya kisogo usiitupe jaani wala kuwaachia watoto waifungue. Kioo chake kina risasi, na ndani hubaki umeme hata ikiwa imezimwa. Mpe fundi, au wanaokusanya taka za kielektroniki.

Mwenzetu alimaliza deni lake. Kisha akaanza kuweka akiba, bila kumwambia mamake. Sasa pale Kibokoni kuna TV ya inchi 43 juu ya kabati la zamani, imelipwa yote. Safari hii, kabla ya kwenda dukani, alipima ngazi mara mbili.