Anaposomea Kuitazama Kosele Kutoka Angani

Leo nataka tuzungumze juu ya ile barua ya kuitwa chuo kikuu inayoacha nyumba nzima ikishangaa. Mtoto alitarajiwa awe daktari au mwalimu. Barua inapofunguliwa, kumbe amepewa nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi kwa setilaiti na ndege. Baba anauliza, "Kwa hiyo utakuwa rubani?" Kijana anajibu, "La, baba, nitakuwa nikisoma picha." Hapo watu wanatazamana. Nani auze ng'ombe ili mtoto akasomee picha?

Kabla hujamwambia aombe kubadilishiwa kozi, wewe mzazi wa Kosele, fungua kwanza sanduku unamoweka hatimiliki ya shamba. Ramani nyingi za mashamba za wakati wa kusajili ardhi nchini Kenya zilitokana na picha za ndege. Watu walitakiwa kupanda ua kwenye mipaka, ndege ikapita na kupiga picha, na mstari wa ua ukawa mpaka kwenye karatasi. Ubaya ni kwamba picha nyingi hazikunyooshwa kwanza. Kamera iliyo juu hukionyesha kilima kikubwa kuliko kilivyo, kwa kuwa kiko karibu nayo, na bonde huonekana dogo. Kwa hiyo vipimo vikapinda. Ndugu wawili wakigombania hatua tano za ardhi na kila mmoja ana karatasi mkononi, usidhani lazima mmoja wao ni mwongo.

Kuinyoosha picha kama hiyo ni miongoni mwa mambo mwanao atakayofundishwa mapema. Atapewa picha mbili zilizopigwa ndege ikiwa safarini, moja ikiirudia nyingine kwa kiasi cha asilimia 60. Akizitazama kwa kifaa chenye lenzi mbili, jicho la kushoto likiona hii na la kulia likiona ile, kilima kinainuka mezani kama mkate unaoumuka. Nasikia wanafunzi wengi hupiga kelele siku hiyo.

Setilaiti ni habari nyingine, na hapa ndipo wazazi hupotea. Inachotuma chini ni tarakimu tu. Jua huangaza, ardhi hurudisha sehemu ya mwanga, na chombo kile hupima kiasi kilichorudi. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu lakini hurudisha kwa wingi mwanga mwingine, infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Tuseme shamba la mahindi mazuri limerudisha nyekundu 8 kati ya 100 na infraredi 40. Toa 8 katika 40, upate 32. Jumlisha zote mbili, upate 48. Gawanya, jibu ni 0.67. Shamba lililo tupu likirudisha 20 na 25, hesabu hiyo hiyo inaleta 0.11. Basi. Kwa kugawanya tu, mtu aliye Nairobi anajua nani ana kijani na nani hana.

Lakini anajua nusu tu. Setilaiti ya Landsat, ambayo ya kwanza ilirushwa Julai 1972, siku hizi huigawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30. Ekari moja inaingia miraba minne na nusu hivi. Sasa fikiria boma la Kosele: mahindi na maharage pamoja, viazi vitamu kando, miembe miwili, paa la mabati, ng'ombe kamfungwa uani. Vyote vinaingia katika mraba mmoja na kutoa tarakimu moja! Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina miraba ya mita 10, nazo ni afadhali. Hata hizo haziwezi kuamua ugomvi wa hatua tano, na kijana akija nyumbani akidai zinaweza, mkatalie.

Kisha kuna kayongo. Kila mkulima wa huku analijua gugu hilo lenye maua ya zambarau linalofyonza mahindi kutoka mizizini. Setilaiti itaona mahindi yamedumaa na kugeuka manjano. Haitasema kama ni kayongo, ukame, au mbolea iliyokosekana. Mwanafunzi hana budi kushuka shambani kwa miguu, aone kwa macho, aandike. Chuoni hilo lina alama zake, na hapo mtoto aliyewahi kupalilia humshinda yule aliyekulia kwenye lami.

Mawingu pia husumbua, maana mahindi hukua wakati wa masika na kamera haipenyi wingu. Rada hupenya. Picha za setilaiti ndizo zilizosaidia kupima magugumaji yalipoifunga Ghuba ya Winam, hadi mwaka 1998 yakafikia zaidi ya hekta 17,000. Wavuvi wa Kendu Bay hawakuhitaji setilaiti kujua mashua zimekwama, lakini serikali haiwezi kupanga kazi kwa neno "mengi".

Utauliza kazi iko wapi. Nairobi, huko Kasarani, kuna kituo cha kanda cha kupima rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975. Iko idara ya serikali inayohesabu wanyama kwa ndege ndogo. Tena tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya Marekani. Sikuahidi kwamba ajira zinamngoja kila mhitimu, hazimngoji. Lakini picha za Landsat hutolewa bure tangu mwaka 2008, na programu ya kuzichambua, QGIS, nayo ni bure. Anachohitaji ni kompyuta isiyozimika-zimika, na hesabu. Kama hesabu zilimshinda sekondari, hilo mliongee sasa, kabla ya karo ya kwanza.

Likizo atarudi na daftari. Atakuuliza ulipanda tarehe gani, kayongo lilianzia upande upi, na ua wa zamani ulipita wapi kabla haujang'olewa. Muite na nyanya yake aje akae hapo, kwa sababu hilo la mwisho huenda ni yeye tu anayelikumbuka.