Moyo mmetibu, figo je?

Jamani wadau, leo nina hasira, mnisamehe.

Baba yangu mkubwa, mkazi wa Ng'ambo pale Tabora, alilazwa kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Moyo umeshindwa kusukuma damu, miguu imevimba, kulala chali hawezi. Akaanzishiwa sindano za kutoa maji mwilini. Sawa kabisa. Siku ya sita mkojo ukapungua, akaanza kuongea vitu havieleweki. Hapo ndipo mtu akakumbuka kupima kreatinini. Figo hoi! Nikauliza, siku ya kwanza ilikuwa ngapi? Jibu: haikupimwa, ndugu hamkulipia. Nani alituambia tulipie?

Hivi kweli tunatibu moyo kama vile hauna jirani? Moyo ukichoka, damu inayofika kwenye figo inapungua, na inayotakiwa kurudi moyoni inarundikana kwenye mishipa na kuzibana hizo figo. Dawa ya maji inaokoa, ikizidi inakausha. Tena kreatinini ikipanda kidogo si lazima dawa isimamishwe, maana wengine hupanda huku uvimbe unaisha na wanapona. Sasa bila kipimo daktari atajuaje? Anabahatisha tu.

Msiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wagonjwa 427 wa moyo wa aina hii, wastani wa umri miaka 55. Presha ndiyo iliongoza kwa kusababisha, asilimia 45. Waliokuwa hatarini zaidi kufa ni pamoja na wenye figo dhaifu na wasio na elimu. Soma tena hapo: wasio na elimu!

Basi sisi tuliosoma ndio wa kuuliza. Na tusijifanye malaika. Nani alimnunulia mzee diklofenaki za magoti duka la dawa, dawa inayoumiza figo na kuzuia maji mwilini? Ni mimi, mwandishi wa habari.

Mzee yuko nyumbani, ila figo hazikurudi zilivyokuwa.

Ninachodai ni kidogo: kreatinini ipimwe siku ya kulazwa, irudiwe wakati sindano zinaendelea, na isisubiri mfuko wa ndugu. Wapagazi wa Unyamwezi walitoka hapa kwa miguu mpaka Bagamoyo, mzigo begani. Leo kichupa cha damu kinashindwa kutoka wodini kufika maabara?

Naomba kutoa hoja.