Mlango wa Umoja Uko Wapi?

Hivi karibuni tulifanya mkutano wa chama katika mji mmoja wa mpakani. Watu walijaa, ngoma zililia, na sisi waandaaji tukapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kueleza faida za umoja wa nchi zetu. Mkutano ulipokwisha, mama mmoja muuza vitunguu, mwenye umri wa kutuzaa, alikuwa akitungoja pembeni. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza neno moja tu: "Wanangu, umoja huo mnaousema nimeusikia. Lakini mlango wake uko wapi? Maana mimi kila wiki napita porini."

Tukanyamaza. Sisi tuliokwenda kufundisha tukawa hatuna jibu. Tangu siku ile tumeuliza, tumesoma sheria, tumekwenda vituoni kutazama kwa macho yetu, na leo twataka kumjibu mama yule mbele ya wasomaji wote, kwa sababu swali lake si lake peke yake.

Kwanza tukumbuke mpaka huu ulitoka wapi. Haukuchorwa na babu zetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa mbali huko Ulaya wakapiga mstari kutoka pwani mpaka Ziwa Viktoria, wakaupindisha kidogo kuuzunguka mlima Kilimanjaro. Mmaasai akalala usiku mmoja, akaamka ng'ombe wake wako nchi moja na kisima chake nchi nyingine. Wakuria wakakatwa vipande viwili kule Sirari. Kusini, Wanyamwanga wa Tunduma na Nakonde, na ndugu wanaotazamana ng'ambo ya mto Songwe, wakaambiwa kwamba wao kwa wao ni wageni. Kabla ya hapo watu hawa walibadilishana nafaka, chumvi, mbuzi na majembe, na hapana aliyewaita wezi wa ushuru.

Hata mkoloni mwenyewe aliona kwamba soko la nchi hizi ni moja. Mwaka 1917 aliunganisha forodha za Kenya na Uganda, na kufikia 1927 Tanganyika nayo ilikuwa imeingizwa kamili. Lakini umoja ule haukuwa wa mwananchi. Ulilinda mazao ya walowezi, na mtu wa Tanganyika akanunua kwa bei ya juu ili mlowezi apate faida. Ndiyo maana wazee wetu walipodai uhuru hawakukataa umoja. Waliukataa umoja wa bwana na mtumwa. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari hata kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ikiwa kufanya hivyo kungeziwezesha nchi za Afrika Mashariki kuingia katika uhuru zikiwa shirikisho moja. Hilo halikuwa, lakini nia ilikuwa hiyo.

Mwaka 1967 tukapata Jumuiya. Mwaka 1977 ikafa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa tangu Februari mwaka ule hadi Novemba 1983. Miaka 6 na zaidi! Wakubwa waligombana kwa maneno ya reli, ndege na fedha, lakini mzigo uliwaangukia watu wa Namanga, Taveta, Holili na Sirari. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hizo zilijifunza kupita usiku, na njia za porini zikazoeleka.

Leo mambo si kama yale. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, na Soko la Pamoja Julai 2010. Nchi wanachama sasa ni 8. Mipakani kumejengwa Vituo vya Pamoja: Holili na Taveta, Rusumo, Mutukula, Namanga, na kule kusini Tunduma na Nakonde, ambako kituo kilifunguliwa mwaka 2019. Zamani msafiri alisimama mara mbili, akapigiwa muhuri wa kutoka upande huu, kisha akavuka na kuanza foleni upya upande wa pili. Sasa husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia chini ya paa moja. Hiyo ni kazi njema, na asiyeshukuru kwa kidogo hatashukuru kwa kingi.

Tena iko sheria ambayo watu wengi hawaijui. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hahitaji makaratasi ya tajiri mwenye malori. Huenda kituoni akaomba cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, akakipata pale pale kwa ofisa wa forodha, na mali yake ikapita bila ushuru wa forodha. Tuseme kweli: cheti hiki hakiondoi kila tozo wala kila ukaguzi. Bidhaa inayotozwa kodi ya ndani hutozwa, na mazao hukaguliwa yasilete wadudu na magonjwa. Lakini ule ushuru wa forodha ambao mama yule anaukimbia porini, kwa vitunguu vya mkulima wetu haupo!

Basi kwa nini anapita porini? Tulimuuliza. Akasema hajapata kuambiwa. Akasema mara ya kwanza alipokwenda kituoni alikutana na kijana mlangoni, si ofisa wala wakala mwenye leseni, aliyemwambia, "Mama, humo ndani huwezi, nipe hela nikushughulikie." Akasema aliona madirisha mengi, forodha, uhamiaji, afya, mimea, viwango, na maandishi mengi ya Kiingereza, akageuka. Tangu siku hiyo anamlipa mtu wa pikipiki.

Tupige hesabu kama za darasani. Chukua mfano wa mama mwenye mtaji wa shilingi 600,000, mali ambayo haifiki hata robo ya zile dola 2,000. Anampa mwenye pikipiki 40,000. Anampa mwonyesha njia 15,000. Akikutana na askari wa doria, anatoa 30,000 ili asinyang'anywe. Jumla 85,000. Kama alitegemea faida ya 100,000, amebakiwa na 15,000 kwa usiku mzima wa hofu. Na siku akikamatwa na mtu asiyehongeka, mali yote imekwenda. Hapo hatujataja aibu na madhara yanayowapata wanawake gizani, ambayo wengi huyaficha hata kwa waume zao.

Na Serikali imepata nini? Haikupata kitu. Haikujua ni mzigo gani umetoka wala umeingia, haikuukagua, haikuuandika. Fedha ambazo mama alikuwa tayari kuzitoa zimekwenda katika mifuko ya watu. Huyu ndiye anayeitwa mlanguzi, na huku lori linaloandikiwa kwamba linapita tu kwenda nchi jirani huweza kushusha shehena yake usiku humu humu nchini bila kulipa ushuru, na mwenyewe akaitwa mwekezaji.

Wapo wenzetu, tena wazalendo safi, watakaosema: "Nchi isiyo na mpaka si nchi. Mkiwafungulia hawa, viwanda vyetu vitakufa." Twawaheshimu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Forodha ni kazi ya heshima. Kodi ndiyo inayojenga shule na kununua dawa, na kiwanda kichanga kinahitaji kulindwa na bidhaa za mbali zinazomwagwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana Jumuiya imeweka ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje yake, na tangu mwaka 2022 bidhaa kadhaa hutozwa hadi asilimia 35. Ukuta huo ni wa nje ya boma. Sisi twasema habari ya ndani ya boma, habari ya vitunguu, maharage, viatu na mchele wa jirani kwa jirani. Hatuombi forodha ivunjwe. Twaomba mnyonge apite katika mlango wake, ahesabiwe, akaguliwe, apewe stakabadhi, aende zake mchana kweupe.

Jambo la pili ni amri za ghafula. Hapa tusijitakase, maana nyani haoni kundule. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Tulilalamika sana, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mwaka 2017 ni sisi tuliochoma vifaranga 6,400 pale Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mazao yetu, ukiwamo mchele, tangawizi na ndizi. Nasi Aprili tukazuia mazao yote ya Malawi, na kabla mwezi haujaisha tukafungua. Hatusemi ugonjwa usizuiwe, sumukuvu huua. Twasema kwamba mahindi yaliyokwisha kupakiwa hayajui amri iliyotoka jana jioni. Anayeoza pamoja nayo ni mkulima aliyekopa mbolea na kuli anayelipwa kwa gunia.

Jambo la tatu ni kusini. Cheti rahisi tulichokieleza ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia na Malawi si wanachama wake, bali wako COMESA, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo mama wa Namanga ana mlango mdogo, lakini mwenzake wa Tunduma na wa Kasumulu hana mlango huo, ijapokuwa Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliopitiwa na barabara. Tumo pamoja na Zambia na Malawi katika SADC, na Mkataba wa Utatu unaounganisha COMESA, SADC na Jumuiya yetu ulianza kutumika Julai 2024. Hapana sababu ya nchi zinazokaa meza moja kubwa kushindwa kukubaliana orodha fupi ya bidhaa za mfanyabiashara mdogo.

Basi twadai mambo haya. Kila kituo kiweke bango kubwa la Kiswahili, na la lugha ya jirani, lenye orodha ya bidhaa, masharti ya cheti rahisi, na bei ya kila huduma, ili asiyejua asitegemee wa mlangoni. Liwepo dirisha moja la wafanyabiashara wadogo, linalofunguliwa mapema siku za gulio. Amri ya kuzuia bidhaa itangazwe kabla, na mzigo ulioko njiani upimwe na uamuliwe, usiachwe uoze. Serikali yetu izungumze na Lusaka na Lilongwe ili watu wa kusini nao wapate mlango wao.

Lakini kudai ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yetu, wanachama. Makatibu wa matawi ya mipakani, twawaomba: mkutano ujao usiwe wa hotuba tupu. Mwiteni ofisa wa forodha aje aeleze sheria, akina mama waulize, na mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua. Siku ya gulio mwanachama mmoja asindikizane na mfanyabiashara mmoja mpaka dirishani, wala asipokee hata thumni. Na wale vijana wanaosimama milangoni kuuza hofu, wengine twawafahamu. Wengine wana kadi ya chama chetu mfukoni. Hao twawaambia bila kuficha: rudisheni kadi au acheni kazi hiyo. Hatuwezi kumlaani mkoloni aliyechora mstari, na wakati huo huo tukaulisha mstari ule jasho la mama zetu.

Mama yetu, muuza vitunguu, hatukukujibu siku ile. Jibu ndilo hili: mlango uko pale pale kituoni, ulikuwa wazi, na sisi tuliokuja kukuhutubia hatukukuonyesha. Tusamehe. Wiki ijayo usipite porini. Tutakuwa pale kituoni asubuhi, tutashika foleni pamoja nawe, na tukizuiwa, gazeti hili litaandika tumezuiwa na nani, na kwa sheria gani.